Niobi ya Panda Hill na historia ya superkondakta

Ukitoka Kyela kwenda Mbeya unapanda Tukuyu, unaupita mlima Rungwe, unatokea Uyole. Shika barabara ya Tunduma, na kama kilomita 26 kutoka jijini utaiona Panda Hill, karibu na Songwe. Mto Songwe wa huko humwaga maji yake upande wa Rukwa. Si ule wetu wa mpakani na Malawi, unaoingia Ziwa Nyasa. Kilima hicho ni mwamba wa kabonatiti wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Ndani yake mna pirokloro, vifuwele vidogo vya kahawia ambavyo ukivitazama kwa lenzi unakuta nyuso nane zilizochongeka sawasawa. Niobi imo humo, metali iliyokuja kuwa muhimu kwa superkondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote.

Tarehe 8 Aprili 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake waliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na ukinzani wake wa umeme ukatoweka kabisa. Waliweza kwa sababu mwaka 1908 Onnes alikuwa amefaulu kuigeuza gesi ya heli kuwa kimiminika. Ila superkondakta za mwanzo zilikuwa dhaifu: sumaku ya kiasi tu ilitosha kuziharibia kazi.

Iliyoliondoa tatizo hilo ni niobi. Mwaka 1954, Bernd Matthias na wenzake huko Marekani walitengeneza mchanganyiko wake na bati. Katika fuwele hiyo atomi za niobi hujipanga minyororo inayokwenda pande tatu, na mwaka 1961 ilithibitika kwamba inabeba umeme mwingi hata ndani ya sumaku kali. Leo mashine nyingi za MRI hospitalini hutumia nyaya za niobi na titani zilizozamishwa katika heli ya kimiminika.

Mwaka 1955, mmoja tu baada ya kazi ya Matthias, wanajiolojia A. P. Fawley na T. C. James walichapisha maelezo ya pirokloro ya Panda Hill. Naona tukio hilo linastahili ukurasa katika vitabu vyetu vya fizikia. James huyohuyo alichapisha mwaka 1967 uchunguzi wa chemchemi za maji moto za Tanzania, na katika gesi za baadhi yake mlikuwa na heli. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, wakatangaza hazina kubwa ya gesi hiyo Rukwa. Metali na kipozeo chake, vyote katika kona moja ya nchi!

Pirokloro yenyewe si superkondakta, lakini mpangilio wa atomi zake, piramidi ndogo zinazogusana pembe kwa pembe, umewavuta wanafizikia. Mwaka 2001 oksaidi ya kadimi na reni yenye mpangilio huo ilionekana kupoteza ukinzani, japo kwa nyuzi moja tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Mwaka 2004 ile ya potasi na osmi ikafika karibu nyuzi 10 juu ya sifuri hiyo.

Nyumbani, chemchemi nyingi za Rungwe na Kyela hutoa zaidi hewa ukaa. Heli haikosekani, hata hivyo. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya heli iliyonaswa ndani ya fuwele za mawe ya volkano za Rungwe, na aina yake ikaonyesha kwamba imepanda kutoka kina kirefu cha dunia, chini kabisa ya Bonde la Ufa.