Ghazi Osman Pasha: Upanga Uliorudishwa

Ndugu msomaji, tumezoea kuwasimulia watoto wetu habari za mashujaa walioshinda. Leo nataka nikusimulie habari za jemadari aliyeshindwa, kisha nikuulize: heshima ya mtu iko wapi?

Jina lake ni Osman Nuri Pasha. Alizaliwa mwaka 1832 katika mji wa Tokat, nchi ya Uturuki, akasoma chuo cha kijeshi cha Istanbul. Alipigana vita vya Crimea, akatumwa Lebanon, Crete na Yemen. Mwaka 1876 aliwashinda Waserbia huko Zaječar, na kwa ushindi huo akapewa cheo cha Mushiri, ndicho cheo kikubwa kabisa katika jeshi la Dola ya Uthmania.

Mwaka uliofuata Warusi wakavuka Mto Danube, nia yao Istanbul. Osman Pasha akatoka Vidin na watu kiasi cha 15,000, wakakata mwendo siku chache katika joto la Julai, wakaingia Plevna, mji mdogo wa Bulgaria usiokuwa na ngome ya maana. Hapo akawaamrisha askari wake wachimbe.

Bila shaka umekwisha kumbuka, ndugu yangu, mwaka wa 5 wa Hijra, Salman al-Farisi aliposhauri Madina ichimbiwe handaki. Plevna nako udongo ukawa ndio ngome. Warusi walishambulia tarehe 20 Julai, wakarudishwa. Wakaja tena tarehe 30, wakarudishwa kwa hasara kubwa. Mwezi wa Septemba wakaja mara ya tatu pamoja na Waromania, na maelfu yao wakaanguka mbele ya mahandaki yale. Ndipo walipomwita Totleben, mhandisi wao mashuhuri, naye akawashauri wauzingire mji, njaa ifanye kazi iliyoishinda mizinga.

Osman Pasha aliliona jambo hilo mapema. Aliomba ruhusa ya kuondoka njia ingali wazi. Wakubwa wa Istanbul wakamkatalia. Akatii, akabaki. Mwezi wa Oktoba njia ya mwisho ikafungwa. Chakula kikapungua, baridi ikaingia, wagonjwa wakazidi. Tarehe 10 Desemba 1877 alitoka na jeshi lake, akavuka Mto Vit ili azipasue safu za adui. Akajeruhiwa mguu, uvumi ukaenea kuwa amekufa, na askari wakavunjika moyo. Siku ile ile akasalimu amri, baada ya kustahimili karibu miezi mitano.

Sasa tazama. Jemadari huyu aliukabidhi upanga wake kwa adui, na Mfalme wa Urusi mwenyewe, Alexander wa Pili, akamrudishia kwa kuuheshimu ushujaa wake. Mwaka 1878 alirudi kwao kutoka kifungoni. Sultani Abdulhamid, aliyekwisha mpa jina la Ghazi, akamtukuza kwa nishani na kumfanya Waziri wa Vita zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka 1900, akazikwa Istanbul kando ya msikiti wa Fatih.

Lakini usiishie kwenye nishani, ndugu msomaji. Waliotekwa pamoja naye walikuwa zaidi ya 40,000. Wengi katika hao walikufa njiani, katika theluji, kwa njaa na baridi. Hao hawakurudishiwa upanga, wala majina yao hatuyajui. Nao pia walichimba, walisubiri na walitii. Anayewajua ni Mola wao, na kwake haupotei ujira wa mtu.

Basi nakurudishia swali langu. Jirani yetu biashara ikimfilisi, sisi humcheka barazani. Mtoto akianguka mtihani, humwita mjinga mbele ya wenzake. Hatuulizi kama alijitahidi, wala hatuulizi nani aliyemfungia njia. Mfalme wa Urusi, aliyepoteza maelfu ya watu mbele ya Plevna, aliweza kumheshimu aliyemshinda. Je, sisi twashindwa kumheshimu ndugu yetu wa mlango wa pili?

Ushindi hutolewa na Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye. Tulichokabidhiwa sisi ni amana ya kazi zetu: tuitimize mpaka mwisho, na atakayeanguka akiitimiza, tumrudishie upanga wake.

Wabillahi tawfiq.