Mlima Hanang: Je, unastahili safari na gharama zake?

MKAZI wa Dar es Salaam, Arusha au Dodoma anayetafuta mahali pa kutumia siku chache za mapumziko huwa na orodha fupi kichwani: Zanzibar, Serengeti, Ngorongoro na, kama ana fedha na nguvu za kutosha, Kilimanjaro. Mlima Hanang ni nadra kuingia katika orodha hiyo, ijapokuwa una kimo cha zaidi ya mita 3,400 na ni miongoni mwa milima mirefu kabisa nchini.

Wasafiri wengi wameuona bila kuujua. Abiria wa basi la Arusha kwenda Singida hupita chini yake, hununua mahindi ya kuchoma mjini Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, kisha huendelea na safari. Swali linaloulizwa na wachache wanaoshuka hapo ni moja: je, kuupanda kunalipa?

Jibu linategemea mtu anatafuta nini. Anayetaka theluji asiende, kwa kuwa Hanang haina. Anayetaka tembo na simba atawapata Tarangire, upande wa pili wa Babati. Anayetaka hoteli ya kifahari yenye bwawa la kuogelea atasikitika, kwani Katesh ni mji wa nyumba za wageni za kawaida, chai ya maziwa na nyama choma. Lakini kwa mtu mwenye afya njema anayependa kutembea, na ambaye hana siku tano au zaidi za kuwekeza Kilimanjaro wala fedha za kulipia msafara wa wapagazi, ni vigumu kupata mlima mwingine nchini wenye kutoa mengi kiasi hiki kwa siku moja ya jasho.

Hanang ni volkano ya kale iliyosimama peke yake katika eneo la Bonde la Ufa, na upweke huo ndio unaoipa sura yake. Haina milima jirani ya kuificha, hivyo huonekana kutoka mbali kama kichuguu kikubwa katikati ya uwanda. Msitu wake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mgeni analazimika kupata kibali na kulipa ada kabla ya kupanda. Viwango vya raia na vya wageni kutoka nje ni tofauti na hubadilika, kwa hiyo ni busara kuviuliza mapema katika ofisi ya hifadhi badala ya kutegemea maneno ya mtu wa kijiweni.

Zipo njia kadhaa za kupanda, zikiwamo za kutokea Katesh, Jorodom, Gendabi na Gitting. Ya Katesh hupendwa na wengi kwa kuwa mtu hutoka nyumba ya wageni na kuanza safari bila kuhangaika na usafiri. Isidhaniwe kwamba hiyo ni njia rahisi. Katesh iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, maana yake mpandaji hupanda takriban mita nyingine 1,700 na kuzishuka zote siku hiyohiyo. Watu wenye mwendo mzuri hutumia saa kumi hivi kwenda na kurudi. Wengine hutumia kumi na mbili au zaidi. Ndiyo maana waongozaji hushauri kuondoka kabla jua halijachomoza.

Safari huanza katika vichaka na malisho, huingia katika msitu wenye miti iliyofunikwa kuvumwani, kisha hutokea penye nyasi na vichaka vifupi ambako upepo hauna kizuizi. Sehemu inayowavunja moyo watu wengi ni ya mwisho. Mgongo wa mlima hupanda na kushuka, na mpandaji aliyekwisha kuchoka hudhani amefika kileleni, kumbe mbele yake kuna kilima kingine. Anayejua jambo hilo mapema hulivumilia. Asiyejua hugeuka nyuma akiwa amebakiza mwendo mfupi tu.

Kilele chenyewe hulipa deni hilo iwapo mawingu hayajafunga. Chini huonekana Ziwa Balangida, lenye maji ya chumvi, ambalo wakati wa kiangazi hunywea na kuacha uwanda mweupe ambako wenyeji huchota chumvi. Nyuma yake umesimama ukuta wa Bonde la Ufa. Upande wa magharibi hutandaa nchi ya Basotu, yenye mashamba ya ngano yaliyofunguliwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) kwa msaada wa Kanada. Mashamba hayo yalikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarbaig, na mgogoro wake ulifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Mwongozaji mzuri ataonyesha hayo yote kwa fimbo.

Maji ni jambo la kutilia mkazo. Hakuna chanzo cha kutegemea njiani, hivyo kila mtu abebe lita tatu au nne zake. Juu kuna baridi kali, hasa asubuhi, na koti la mvua halina budi kuwamo mkobani hata wakati wa kiangazi. Kwa kimo hicho baadhi ya watu huumwa kichwa; kichefuchefu au kizunguzungu kikizidi, dawa yake ni kushuka. Tusisahau pia kwamba hii ni nchi ya wakimbiaji: Gidamis Shahanga, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, ni mzaliwa wa Katesh, na John Stephen Akhwari, aliyeikamilisha marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililojeruhiwa, ni wa Mbulu. Mtu wa ofisini asijaribu kufuata mwendo wa mwenyeji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna anayepaswa kulipuuza. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huu ilimeguka na kuporomoka. Tope, mawe na magogo vilifuata mikondo ya maji hadi katika vijiji vya chini na katika mji wa Katesh wenyewe. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha na familia nyingi zilibaki bila makazi. Wakati huo zilienea habari kwamba volkano imelipuka, lakini Serikali, ikinukuu wataalamu wa jiolojia, ilieleza kwamba hakukuwa na mlipuko: miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi hadi ikashindwa kujishikilia.

Kwa msafiri, tukio hilo lina maana mbili. Ya kwanza ni ya usalama. Mvua za eneo hili huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Mei, na katika miezi hiyo njia huteleza, mawingu hufunika kilele na miteremko haiaminiki. Kupanda wakati huo ni kulipa fedha ili kuona ukungu, na hatari juu yake. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa. Mwongozaji mwenyeji anajua njia ipi iliharibika na ipi ilitengenezwa; kupanda bila yeye ili kuokoa shilingi chache ni upuuzi.

Maana ya pili ni ya adabu. Jorodom na Gendabi si majina ya njia tu. Ni vijiji vilivyozika watu wake. Mgeni asiende kupiga picha za makovu ya mlima kana kwamba ni mapambo. Fedha anayoiacha kwa mwongozaji, mama lishe na mwenye nyumba ya wageni ina uzito katika mji uliolazimika kujijenga upya.

Wenyeji wa eneo hili ni pamoja na Wabarbaig, ambao kwao mlima huu ni wa heshima, na Wairaqw, ambao watu wa nje huwaita Wambulu. Jina “Wamang’ati” liepukwe. Lina asili ya neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Mnada wa Katesh, unaokusanya wafugaji kutoka mbali, hufanyika siku maalumu za mwezi, na anayeweza kuipanga safari iangukie siku hiyo atakuwa amepata safari mbili kwa nauli moja.

Kufika si tatizo tena. Barabara ya lami kutoka Minjingu kupitia Babati hadi Singida hupita Katesh, na tangu mwaka 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati imewarahisishia watu wa Dar es Salaam, ambao sasa huweza kupanda treni ya SGR hadi Dodoma na kumalizia kwa basi. Mwenye siku za ziada anaweza kwenda Ziwa Basotu kutazama viboko, au akashika njia ya Dareda inayopanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh na Mbulu, kwenye nchi ya baridi na Msitu wa Nou. Wahadzabe wa Yaeda Chini nao wako Mbulu, ila kuwatembelea kunahitaji kupitia uongozi wa kijiji.

Anayeamua kwenda afike Katesh siku moja kabla ya kupanda, akamilishe kibali jioni hiyo na kulala mapema. Siku ya kurudi ipangwe baada ya mapumziko ya usiku mzima, kwa sababu kinachouma zaidi kwenye Hanang si kupanda bali kushuka, na kiti cha basi hadi Dar es Salaam hakina huruma kwa magoti.