Habari za Mzabibu wa Ugogo

Sisi tukaao Kidatu, chini ya milima ya Udzungwa, twaijua miwa kuliko mmea mwingine wowote. Tangu kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bonde letu limekuwa bonde la miwa, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto Ruaha Mkuu. Lakini mzabibu, ambao twasikia habari zake kanisani kila mwaka, wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho. Siku moja mtoto darasani aliniuliza kama mzabibu waweza kupandwa na mtu, kama ule mkuyu wa Zakayo. Nikaona haya, maana nalikuwa sijui la kumjibu. Basi nilipopata likizo fupi, wakati wa mavuno ya pili ya zabibu, nikasafiri kwenda Dodoma. Nilipita Mikumi kwa basi hata Morogoro, na kutoka hapo nikapanda treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1024 ukiongeza elfu moja, yaani 2024. Nasema hivi kwa sababu wanafunzi wangu wa hesabu nao husoma gazeti hili.

Kabla sijaeleza niliyoyaona, yafaa tutazame maneno yenyewe, kwa kuwa yana historia ndani yake. Zabibu ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu zabibu ni tunda lililokwisha kukaushwa. Likiwa bichi wanalo jina jingine. Hapo twaweza kutambua jinsi watu wa pwani walivyolifahamu tunda hili kwanza: lilikuja majahazini likiwa kavu, likauzwa madukani, likatiwa katika pilau. Hata mti wenyewe ukaitwa kwa jina la tunda lake kavu, kama kwamba mtu amwite ng'onda samaki aliye hai majini. Mvinyo ni neno la Wareno, waliofika Mombasa na Malindi pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498, wakanyang'anywa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Na divai, kwa wasemavyo watungaji wa kamusi, ni neno la Wafaransa; nasi twajua kwamba mapadri Wafaransa wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Neno la Wareno likaelekea vilabuni, likawa jina la kila kileo kikali. La Wafaransa likaelekea madhabahuni.

Kwa muda mrefu kinywaji hiki kilikuwa kitu cha ng'ambo tu. Wabenediktini walipojenga misheni ya Kwiro kule Mahenge mwaka 1902, na Wakapuchini wa Uswisi walipoipokea kazi yao katika mwaka 1921, divai ya Misa haikuweza kupatikana kwa majirani. Ulanzi ulikuwako na tembo lilikuwako, lakini sheria ya Kanisa yataka divai ya zabibu. Wamisionari Wakatoliki ndio waliopanda mizabibu Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, kabla ya uhuru wa 1961; mwaka utajwao na wengi ni 1957. Kutoka Bihawana miche ikaenea vijijini mwa Wagogo, na baadaye serikali ikaweka kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, mahali ambapo jina lake limepewa aina mojawapo ya zabibu nyekundu za huko.

Mtu wa Kilombero atauliza: mbona Ugogo, nchi ya njaa na vumbi, na si kwetu penye mito mingi? Nami niliuliza hivyo. Nikajibiwa kwamba mzabibu hauogopi kiu kama uogopavyo unyevu. Dodoma iko juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka ni kama milimita 600 au pungufu. Kwetu chini bondeni mvua yapita mara mbili ya hiyo. Penye unyevu mwingi, ukungu huota juu ya majani na vishada, na mkulima hana budi kunyunyizia dawa ya mrututu na chokaa, ile waliyoivumbua Wafaransa katika karne ya 19 kwa ajili ya ugonjwa huohuo. Hata Ugogo dawa hiyo yahitajika, lakini kwa kiasi. Tena yako jambo lingine la ajabu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukaamka mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye auamshaye kwa mkasi. Akiisha kuyakata matawi, baada ya miezi minne hivi vishada huwa tayari, na kwa njia hiyo huvuna mara mbili, katika Februari na Machi, na tena katika Agosti na Septemba.

Jamaa niliowatembelea wako upande wa Hombolo. Ndugu yangu alinipeleka, tukapiga hodi, tukawaamkia wazee kwa Kigogo, nami niliisema vibaya ile Mbukwenyi yangu hata watoto wakacheka. Shamba lao ni ekari moja na nusu. Baba mwenye nyumba, mama, wana wao wawili na mkwe mmoja, hao ndio wafanyakazi wote. Mizabibu haipandwi kama mkuyu, nimekwisha kuhakikisha: hutambaa juu ya nyaya zilizofungwa katika nguzo, na mtu mzima husimama akichuma vishada vilivyo usawa wa kifua chake.

Walikuwa wakichuma tangu alfajiri, kabla jua halijawa kali. Zabibu nyekundu huondolewa vikonyo, zikapondwa, zikatiwa katika mapipa ya plastiki pamoja na maganda yake, kwa sababu rangi imo katika ganda wala si katika maji ya tunda. Hamira hugeuza utamu kuwa kileo, na pipa huchemka pasipo moto. Maganda huinuka juu kama kifuniko, nao huyazamisha kwa ubao mara mbili au tatu kila siku. Adui yao hapo ni joto: likizidi sana, hamira hufa na kazi husimama katikati. Matangi makubwa ya viwandani hupozwa kwa mitambo. Mama huyu hufunika mapipa yake kwa magunia aliyoyalowesha maji, na usiku huamka kuyalowesha tena. Baada ya siku saba hivi maganda hukamuliwa katika shinikizo dogo la chuma, machicha wakapewa nguruwe, na divai ikatiwa katika vyombo vilivyofungwa vema, ili mashapo yatuame na hewa isiingie. Maana hewa ikiingia huwa siki.

Nilimwuliza yule mzee kwa nini wanajitaabisha hivi, ilhali viwanda viko hukohuko Dodoma, vingine si mbali na kwao. Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza habari za miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma nchini yalipoyumba au kuuzwa, na soko la zabibu likayumba pamoja nayo. Mwaka mmoja alichuma shamba zima, akakaa barabarani siku tatu akingoja gari la mnunuzi. Gari halikuja. "Siku ya nne," akasema, "nilisikia harufu kabla sijaona kitu." Aling'oa nusu ya mizabibu kwa jembe lake mwenyewe akapanda uwele. Sehemu iliyobaki aliiacha kwa sababu mkewe alisimama mbele yake.

Mama akaingilia, akasema, "Mwalimu, zabibu ni kama maziwa. Anayenunua akijua kwamba kesho yataharibika, leo hatanipa bei. Hii iliyo ndani ya pipa haina haraka, nami sina haraka."

Maneno hayo yalinirudisha Kidatu. Muwa uliokatwa hauwezi kungoja. Usipofika kinuni katika siku moja au mbili, utamu wake hupungua, na malipo ya mkulima hupungua pamoja nao. Wakulima wa nje wa kwetu wajua uchungu wa kuona miwa iliyokomaa imesimama shambani msimu umekwisha, au iliyokatwa imelala kando ya njia. Na ule ulanzi ushukao kutoka milimani kwa Wahehe nao ni vivyo hivyo: asubuhi mtamu, kesho mkali, siku ya tatu hauna mnywaji. Nimefikiri sana, wala sikuona zao lingine la kwetu ambalo mtu mdogo aweza kuligeuza, kwa mikono ya nyumba yake, likawa kitu kinachongoja. Labda mpunga, nao si wa kugeuzwa, ni wa kuwekwa ghalani tu.

Wala nisiseme kwamba jamaa hawa wametajirika. Chupa moja yataka zaidi ya kilo moja ya zabibu, na chupa zenyewe pamoja na vizibo hununuliwa kwa fedha taslimu kabla divai haijauzwa. Lazima wapate kibali, na alama ya Shirika la Viwango, bila hiyo hakuna duka litakalowapokea. Jambo moja linalowasaidia ni ushuru: sheria hutoza kidogo zaidi divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, na yao ni za nchini zote. Hata hivyo huuza nusu ya mavuno kama zabibu tu, maana hawana mapipa ya kutosha.

Jioni waliniwekea glasi tatu mezani juu ya kitambaa cheupe. Kijana wao akanifundisha: tazama rangi kwanza, kisha nusa, kisha onja kidogo, uzungushe mdomoni, uteme katika bakuli. Hapo pakawa na shida. Kwetu mtu akitema kinywaji alichopewa na mwenyeji wake, ametangaza uadui. Nikameza. Ya pili nikameza pia, na yule mzee akacheka akasema mwalimu hataweza kuitambua ya tatu. Ya kwanza, nyeupe, ilikuwa kali kama ndimu changa. Ya pili, nyekundu ya mwaka huo, ilikaza ulimi kama korosho bichi. Ya tatu ilitoka katika mavuno yaleyale ya aina ileile ya Makutupora, ila ya miaka miwili nyuma. Na ukali ule wa ulimi ulikuwa umelainika kabisa, ingawa hawakuongeza kitu chochote. Waliiacha tu.

Wapo wasomaji ambao kanisa lao limewakataza kileo. Hao na wanisamehe, nami sikwenda kuwashawishi. Niliporudi nilichora mzabibu ubaoni, pamoja na nguzo na nyaya zake, na yule mtoto aliyeuliza habari za Zakayo akataka kujua kama nyaya hizo haziibwi. Nikamwambia huibwa.

Mama alinipa chupa moja ya ile changa, akaniagiza nisiifungue kabla ya Pasaka ya mwaka wa pili, na niilaze mahali penye giza na ubaridi. Ubaridi hapa Kidatu ni neno gumu. Nimeilaza chini ya mtungi wa maji.