Kisiwa Ambacho Watu Wake Waliruhusiwa Kurudi

Ukitaka kufika Tristan da Cunha, sahau habari ya ndege. Uwanja hakuna, ndege wanaotua kule ni wale wenye manyoya tu. Unaanzia Cape Town, unatafuta nafasi kwenye mojawapo ya meli chache zinazokwenda huko kwa mwaka, halafu unakata kilomita kama 2,800 za Bahari ya Atlantiki, karibu wiki nzima. Na kabla ya hapo lazima Baraza la Kisiwa liwe limekukubalia uje.

Wageni wengi hufuata albatrosi na pengwini wenye shungi la manjano, wale wanaoruka-ruka juu ya mawe kama watoto waliotoka shule. Mimi nilivutwa na kura iliyopigwa na watu wa kisiwa hicho mwaka 1962.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1816 Uingereza ilipeleka askari Tristan, ikihofia Wafaransa wasije wakakitumia kisiwa kumtorosha Napoleon, aliyekuwa kifungoni St Helena. Mwaka uliofuata askari wakaondolewa. Koplo mmoja Mskoti, William Glass, akaomba abaki na mkewe na watoto. Yeye na wenzake wachache wakaandikiana mkataba: mali ni ya wote sawasawa, na asiwepo wa kujifanya mkubwa kwa mwenzake. Mwaka 1827 wakaja wanawake watano kutoka St Helena, na baadaye mabaharia waliovunjikiwa na meli. Edgar Allan Poe alikitaja kisiwa hicho kwenye riwaya yake ya Arthur Gordon Pym, mwaka 1838. Kwa msomaji wa Ulaya na Marekani, Tristan palikuwa mahali pa kusimuliwa. Kwa akina Glass palikuwa nyumbani, na viazi vilikuwa vinasubiri kupaliliwa.

Oktoba 1961 volkano ikapasuka pembeni mwa kijiji. Watu wote, 264, wakahamishwa, kwanza hadi Nightingale, kisiwa jirani cha pengwini, kisha Cape Town, mwisho Uingereza. Wakapewa nyumba, umeme, ajira. Magazeti yakawashangilia: hatimaye hawa ndugu wametoka kwenye karne iliyopita! Lakini baridi ya kwanza iliwaletea maradhi ya kifua, na wazee kadhaa wakafariki. Desemba 1962 wakaulizwa wanataka nini. Kura 148 zilisema turudi. Waliotaka kubaki walikuwa 5. Mwaka 1963 wengi wao wakarejea kwenye viazi vyao na uvuvi wa kambakoche.

Hadithi tamu, sivyo? Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na hawa walikataa kukataa kwao. Ningeweza kuishia hapa. Ila miaka ileile, chini ya serikali ileile, kulikuwa na kisiwa kingine upande wetu wa dunia.

Visiwa vya Chagos vimo katikati ya Bahari ya Hindi. Wakazi wake wengi walikuwa wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Msumbiji na Madagaska kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Mauritius, ambayo ilikuwa haijapata uhuru, kwa sababu Marekani ilitaka kambi ya kijeshi Diego Garcia. Kufikia mwaka 1973 wakazi wote walikuwa wameondolewa na kumwagwa Mauritius na Ushelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa gesi. Kura? Hakuna aliyewauliza chochote.

Kwenye nyaraka za maofisa wa London za mwaka 1966, zilizokuja kufichuka baadaye, mkubwa mmoja aliandika kwamba pale pasiwe na wenyeji ila shakwe. Mwenzake akajibu kwa kejeli, akiwafananisha wakazi na Tarzan na yule Friday wa Robinson Crusoe. Sisi tunaopenda vitabu hebu tulitafakari hilo: mhusika wa riwaya ametumika kumfuta binadamu aliye hai.

Mtu atasema ni suala la rangi tu. Rangi imo, tena sana. Lakini damu ya Tristan nayo ni mchanganyiko, ya Ulaya, ya Cape na ya St Helena. Tofauti nyingine ni kwamba Tristan hapakuwa na jeshi lililopataka. Waliruhusiwa kurudi kwa sababu walisimama imara, na pia kwa sababu kwao hapakuwa na faida kwa wakubwa. Methali yetu inamlaumu anayekataa kwao, lakini haina neno la kumpa aliyefungiwa mlango wa kwao.

Machi 2011 meli ya mizigo, Oliva, iligonga mwamba wa Nightingale na kumwaga mafuta. Watu wa Tristan walibeba pengwini zaidi ya 3,500 hadi kijijini, wakawasafisha, wakawavulia samaki, wakawaweka hata kwenye bwawa lao la kuogelea. Karibu mmoja tu katika kila kumi ndiye aliyepona. Walionusurika walirudishwa baharini, kwao.

Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza ikomeshe utawala wake Chagos haraka iwezekanavyo. Wengi kati ya waliopakiwa melini wakiwa watu wazima walikuwa wameshazikwa ugenini.