Motokaa ya Umeme na Saa za Kungoja

Huenda ukadhani, ewe msomaji, kuwa motokaa iendayo kwa umeme ni kitu cha juzi tu, kilichobuniwa na watu wa zama zetu baada ya kuchoshwa na bei ya petroli na moshi wake. La, sivyo. Mwaka wa 1900 viwanda vya Marekani viliunda motokaa 4,192. Katika hizo, 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na zilizokwenda kwa petroli zilikuwa 936 tu. Petroli, ambayo baadaye ilitawala barabara za dunia nzima, ndiyo iliyokuwa nyuma ya wenzake. Tena mwaka uliotangulia, tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji aliyeitwa Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuendesha motokaa kwa mwendo wa kupita kilomita 100 kwa saa, karibu na mji wa Paris, na motokaa yake ilikuwa ya umeme.

Basi ni haki kuuliza: chombo kilichoanza vema namna hii kilishindwa na nini? Watu hutaja sababu nyingi, nazo ni za kweli. Henry Ford alianza kuuza motokaa yake ya Model T mwaka wa 1908, na kwa werevu wake wa kuziunda kwa mfululizo akaishusha bei mwaka hata mwaka. Mwaka wa 1912 motokaa za Cadillac zikatoka na mota ndogo ya kuwashia injini, na ile taabu ya kuzungusha chuma kwa mkono, iliyowavunja watu wengi mikono, ikaanza kutoweka. Walakini mimi naona ipo sababu moja iliyo chini ya hizo zote, nayo ni muda. Tangi la petroli hujaa kwa dakika chache, na debe moja la akiba hutosha kumwokoa msafiri aliyekwama nyikani. Betri ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859, ilitaka saa nyingi, aghalabu usiku kucha, ndipo irudiwe na nguvu zake. Motokaa ya umeme ilikwenda vizuri. Taabu yake ilianza iliposimama.

Wenye vyombo hivyo hawakukaa bure. Mwaka wa 1897 teksi za umeme zilianza kazi katika mji wa New York. Betri zake zilikuwa nzito mno, hata watu kadhaa wasingeweza kuzibeba. Kwa hiyo wenye kampuni walijenga kituo chenye mashine za kuitoa betri iliyochoka na kuingiza iliyojaa. Teksi iliingia, ikabadilishiwa betri kwa dakika chache, ikatoka tena barabarani kutafuta abiria. Litie jambo hili moyoni, maana tutakutana nalo tena mbali sana na New York.

Kampuni moja ya umeme ya mji wa Hartford, katika Marekani hiyohiyo, iliipeleka fikira hii mbele zaidi. Tangu 1910 hata 1924 mfanyabiashara wa Hartford aliweza kununua lori la umeme lisilo na betri kabisa! Betri zilikuwa mali ya kampuni ya umeme, na mwenye lori alilipa ada ya kila mwezi pamoja na kiasi fulani kwa kila maili aliyokwenda. Betri ilipopungua nguvu alipewa nyingine. Malori ya mpango huo yalikwenda jumla ya maili zaidi ya milioni 6. Angalia jinsi watu wa Hartford walivyofikiri. Hawakuwa na njia ya kuiharakisha betri, maana sayansi ya siku zile haikuwaruhusu. Walichofanya ni kumwondolea dereva mzigo wa kungoja, wakaubeba wao.

Matajiri hawakuhitaji mpango kama huo. Mke wa Henry Ford, Bi. Clara Ford, aliendesha motokaa ya umeme iliyoitwa Detroit Electric, ingawa mumewe alikuwa akijaza nchi motokaa za petroli. Mtu kama yeye alikuwa na banda la motokaa nyumbani, na usiku kucha ulikuwa wake. Ukutani mwa mabanda ya namna hiyo mlitundikwa kifaa chenye tungi la kioo, ndani yake zebaki, nacho kilipofanya kazi kilitoa mwanga wa ajabu wa rangi ya samawati.

Tungi lile lilikuwa la nini? Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa maana bila ya kulielewa jambo hili hatutayaelewa yaliyofuata. Umeme unaokuja majumbani kwa nyaya huitwa umeme wa mkondo geu: huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara 50 katika kila sekunde hapa kwetu. Betri haiwezi kuupokea umeme wa tabia hiyo. Betri hutaka mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu. Kwa hiyo kati ya ukuta na betri sharti kiwepo kigeuzi cha kuunyoosha umeme. Zamani kazi hiyo ilifanywa na tungi la zebaki ukutani. Motokaa za siku hizi huchukua kigeuzi chao ndani yao wenyewe, na kwa kuwa hakina budi kuwa kidogo na chepesi, umeme hupita humo kidogo kidogo, kama maji katika shingo nyembamba ya mtungi.

Mwishoni mwa 2010 kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuuza motokaa iitwayo Leaf. Betri yake, ya lithiamu, ilichukua kilowati-saa 24. Kigeuzi chake kiliweza kupitisha kilowati 3.3. Gawanya mwenyewe, uone kama hutapata saa zaidi ya saba. Ilikuwa kana kwamba miaka mia haikupita tangu siku za Bi. Ford.

Dawa ya kwanza ilikuwa kukuza kigeuzi, na Leaf za baadaye ziliweza kupata cha kilowati 6.6, zikapunguza muda kwa nusu. Dawa ya pili ilikuwa na akili zaidi. Kwa nini kigeuzi kibebwe na motokaa? Kiwekwe nje, kando ya barabara, kiwe kikubwa kama kabati la nguo, na motokaa ifunguliwe mlango wa pili unaoupeleka mkondo mnyoofu moja kwa moja kwenye betri. Wajapani walikubaliana juu ya mlango wa namna hiyo mwaka wa 2010, wakauita CHAdeMO. Jina hili linachezea maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai; maana yake ni kwamba, wewe unapokunywa kikombe chako, motokaa nayo inakunywa chake. Kwa dakika 30 hivi Leaf iliweza kufikia asilimia 80 ya ujazo wake.

Lakini mbona asilimia 80, isiwe 100? Fikiri ukumbi wa shule yenu siku ya mkutano. Wanafunzi wa kwanza huingia mbio na kukaa popote wapendapo. Wa mwisho hawana budi kutafuta viti vilivyosalia, na mkisukumwa mlangoni kwa kasi ileile ya mwanzo mtajazana njiani na kuumizana. Chembe za lithiamu nazo hutafuta nafasi kati ya matabaka ya grafaiti, yaliyopangika kama kurasa za kitabu. Zikisukumwa upesi kupita kiasi hukosa nafasi, zikaganda juu kama madini, na betri hupata joto na kuharibika. Ndiyo sababu mashine ya kituoni hupunguza nguvu kadiri betri inavyokaribia kujaa.

Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ninachokipenda. Kuanzia mwaka wa 2012 Toyota iliuza katika jimbo la California, na huko tu, motokaa za umeme za RAV4 zipatazo 2,500. Zilikuwa na betri ya kilowati-saa 41.8 na kigeuzi cha kilowati 10, kigeuzi kizuri sana kwa siku zile. Lakini mlango wa pili hazikuwa nao. Mwenye RAV4 alipita kituo cha umeme wa haraka kama mtu mwenye kiu apitaye kisima kisicho na kata. Hatimaye walitokea mafundi, si wa kiwanda chenyewe, wakautengeneza mlango uliokosekana na kuutia katika motokaa za wateja wao. Usidhani ilikuwa kazi ya kuunga waya tu. Motokaa na kituo havina budi kuzungumza muda wote: kiasi gani cha umeme kije, lini kipungue, lini kikome. Mafundi wale walilazimika kuifundisha motokaa lugha ambayo waliyoiunda hawakuifundisha.

Nasi huku kwetu? Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na joto la ardhi kule Olkaria, ambako mitambo ya kwanza ilianza kazi mwaka wa 1981, pamoja na maji ya mito na upepo. Petroli yote tunaiagiza ng'ambo. Ungetazamia basi tuukimbilie umeme. Lakini mfikirie mwendesha bodaboda. Kikombe cha chai cha Wajapani, cha dakika 30, ni cha mtu mwenye mshahara wa mwezi. Mwendesha bodaboda akiketi nusu saa mchana, abiria wake watachukuliwa na mwenzake.

Kubadilisha betri kulijaribiwa tena kwa motokaa nchini Israeli na kampuni ya Better Place, ikafilisika mwaka wa 2013. Kila kiwanda cha motokaa kilikuwa na betri ya umbo lake, na mpango ule ulifaa aina moja tu. Pikipiki ni nyepesi, betri yake mtu huinyanyua kwa mikono, wala haihitaji mashine ya New York. Mjini Kigali tangu 2019, na baadaye Nairobi, zipo kampuni zinazomuuzia mtu pikipiki huku betri ikibaki mali yao, kama ilivyokuwa Hartford. Mwendeshaji hufika kituoni, hutoa betri iliyochoka, hupewa iliyojaa, hulipia umeme alioutumia, huvaa kofia yake. Betri aliyoiacha huwekwa rafuni itiwe umeme taratibu, kwa saa zilezile inazozihitaji, naye wakati huo yuko barabara ya Thika na abiria wake mgongoni.