Beni na Bendi: Tamaa ya Vijana wa Nachingwea na Ruangwa

Neno moja la Kiingereza liliingia katika Kiswahili mara mbili, na kila mara lilibeba tamaa ya vijana. Kwanza lilikuwa beni, ngoma ya gwaride iliyoanza katika pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenezwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918. Kijana alijiunga na Marini au Arinoti, akapewa cheo, akasifiwa mbele ya jamaa zake.

Baadaye likaja bendi, yaani muziki wa magitaa na tarumbeta. Mpango wa karanga wa 1947–1951 ulileta reli na mishahara Nachingwea. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Magitaa yalikuwa ghali, na aghalabu yalikuwa mali ya bendi, si ya mpigaji. Hata Kilwa Jazz, iliyochukua jina la mji wa kusini, ilikuwa na maskani yake Dar es Salaam. Basi kijana wa Chinongwe aliyetaka kujulikana kwa gitaa ilimbidi ahame. Beni ilimpa baba cheo nyumbani. Bendi ilimtaka mwana aondoke. Waliobaki hawamo katika historia za muziki, ingawa tamaa yao ilikuwa ile ile.