John Hersey na watu sita wa Hiroshima

John Hersey alizaliwa tarehe 17 Juni 1914 huko Tientsin, nchini China, ambako wazazi wake, Wamarekani, walikuwa wamisionari. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Yale, aliingia katika jarida la Time kunako mwaka 1937. Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Sicily na visiwa vya Pasifiki. Riwaya yake A Bell for Adano ikampatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1945.

Hata hivyo, jina lake limeshikamana na makala moja. Bomu lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, habari nyingi zilieleza nguvu ya silaha. Hersey alikwenda huko mwaka 1946 akawatafuta watu. Aliwachagua sita: madaktari wawili, mchungaji Mmethodisti, padre Mjerumani, mjane mshonaji mwenye watoto watatu, na karani Toshiko Sasaki, aliyeangukiwa na makabati ya vitabu kazini. Aliuliza kila mmoja alikuwa akifanya nini saa 2 na robo asubuhi. Toleo zima la The New Yorker la tarehe 31 Agosti 1946 lilitolewa kwa makala hayo.

Lugha yake ni kavu. Halaumu, halii, hata sifa za majina ni chache. Wako walioona ubaridi humo, lakini ni ubaridi huo unaomzuia msomaji kujificha nyuma ya huruma ya mwandishi.

Masimulizi hayo yanaanzia chini ya bomu. Kwa msomaji wa Katanga yangeweza kuanzia mbali zaidi: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kuunda bomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa wakati huo Jadotville. Mgodi ulifunikwa na siri ya vita, na wachimbaji wake hawakupata mtu wa kuwauliza walifanya nini asubuhi ile. Maswali ya Hersey ni mepesi. Yangeulizika hata kwa Kiswahili.

Kwa miaka mingi alifundisha uandishi Yale. Mwaka 1985 aliwarudia wale sita katika jarida lile lile. Daktari mmoja na padre walikuwa wamekwisha kufa. Sasaki alikuwa mtawa. Hersey mwenyewe alifariki tarehe 24 Machi 1993, huko Key West, Florida.